Abushiri bin Salim na Haki ya Kuulizwa

Kila mwaka tarehe 15 Desemba hupita katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe kama siku nyingine yoyote. Wakulima huwa mashambani, mabasi hupita barabarani, na wanafunzi huwa likizoni. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba tarehe hiyo, mwaka 1889, mtu mmoja alinyongwa mjini Pangani baada ya kukamatwa katika nchi hii yetu ya ndani na kutolewa kwa adui zake na watu wa nchi hii hii. Mtu huyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Maji yapitayo chini ya daraja la mto Pangani, pale mtu atokapo Korogwe kwenda Handeni, ndiyo yaendayo mpaka mji ule alimouawa.

Leo nataka kumweleza Abushiri kama alivyokuwa, pamoja na mema yake na mabaya yake, kwa sababu naamini kwamba shauri lililomfanya ashike silaha halijaisha. Linaturudia kila mara, na hivi karibuni limerudi Handeni kwenyewe.

Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Mama yake alikuwa Mgala. Alikuwa mtu wa pwani kwa kuzaliwa na kwa lugha. Katika ujana wake alifuata biashara ya misafara ya bara, biashara ya pembe za ndovu, kisha akatulia karibu na Pangani akawa na shamba la miwa. Hakuwa mtumishi mnyenyekevu wa Masultani wa Unguja. Ukoo wake ulikuwa na uadui wa siku nyingi na nyumba ya Busaid, na yeye mwenyewe alijihesabu mtu huru asiyewajibika kulipa kodi kwa mtu wa ng'ambo ya bahari. Alipokuwa kijana asingedhani kwamba jina lake lingekuja kuandikwa katika vitabu vya historia ya nchi iitwayo Tanzania.

Tuyatazame sasa mambo yaliyotangulia, maana vita havizuki hivi hivi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita katika bara ya nchi hii na karatasi zake. Kwa muda wa majuma machache alipata mikataba kumi na miwili, ambayo kwayo alidai kwamba nchi za Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami zimekuwa mali ya chama chake. Msomaji wa Handeni na ayaangalie vizuri majina hayo. Uzigua na Unguu zimo. Wazee waliotia alama zao katika karatasi zile hawakuijua lugha iliyoandikwa, na watu waliokaa katika ardhi hiyo hawakuitwa hata barazani. Hata hivyo, mwezi Februari mwaka 1885, Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuilinda mali hiyo, kana kwamba ilinunuliwa sokoni mchana kweupe.

Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwenye ramani, na Sultani wa Unguja akaachiwa ukanda mwembamba wa pwani wenye upana wa maili kumi. Haukupita muda hata ukanda huo nao ukatolewa. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani hiyo kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Kwa mkataba huo Kampuni ilipewa mamlaka ya kutoza ushuru, kusimamia ardhi, na kuendesha serikali kwa jina la Sultani. Watu wa Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo na Kilwa walipata habari hiyo kama mpangaji anavyopata habari kwamba nyumba anayolala imeuzwa usiku.

Mwezi Agosti mwaka huo wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani kushika madaraka. Alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe karibu na ile ya Sultani. Liwali alipokataa, Zelewski aliomba askari wa manowari. Askari hao waliteremka katika siku za Idi ya kuchinja, wakaingia mpaka ndani ya msikiti wakimtafuta liwali. Bendera ya Sultani iliondolewa. Pamoja na hayo yakaja maagizo mapya: kila mwenye ardhi aonyeshe karatasi za kuthibitisha kwamba ardhi ni yake, na asipofanya hivyo katika muda wa miezi sita, ardhi hiyo itakuwa ya Kampuni. Katika nchi ambayo mipaka ya shamba ilijulikana kwa mnazi, kwa mwembe, kwa kaburi la babu na kwa ushahidi wa majirani, amri hiyo ilikuwa njia ya kumwambia kila mtu kwamba amelala katika ardhi ya mwingine.

Hapo ndipo watu walipoinuka. Nasema watu, maana si kweli kwamba Abushiri peke yake ndiye aliyewaamsha. Mjini Pangani walikuwako Wazigua, Wabondei na watu wengine wa mashamba waliofurika kutoka bara. Walikuwako wapagazi, mafundi, masikini wa mji na watumwa. Hasira yao ilitangulia, na mabwana wakafuata. Zelewski na wenzake walifungiwa ndani ya nyumba, na waliokolewa na Jenerali Mathews aliyetumwa na Sultani. Mathews naye hakukaa sana, kwa kuwa watu walimwona kuwa ni mkono ule ule uliowauza. Katika mwezi wa Septemba moto ulienea pwani yote. Kule Kilwa maofisa wawili wa Kampuni waliuawa. Bagamoyo ilishambuliwa. Mwisho wa mwaka, Kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nayo ilizishika chini ya kivuli cha mizinga ya manowari.

Katika msukosuko huo Abushiri alitokea kuwa kiongozi kwa sababu alikuwa na uwezo wa vita, na kwa sababu alisema waziwazi kwamba Sultani hakuwa na haki ya kukitoa asichokuwa nacho. Wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, waliotekwa walipokuwa wakirudi pwani kutoka Usambara, walifungwa minyororo na kuachiliwa baada ya fidia ya rupia elfu kumi kulipwa. Jambo hilo tusilifiche. Liliwatia hofu Wazungu, likampa Abushiri fedha, lakini pia liliwapa adui zake hoja ya kumwita mnyang'anyi.

Hakuwa peke yake. Huko Saadani alikuwako Bwana Heri bin Juma, aliyewaongoza Wazigua, mtu ambaye hapo kabla alikwisha kulirudisha nyuma jeshi la Sultani mwenyewe. Na katika njia ya misafara iendayo bara, Semboja alikuwa ameketi Mazinde, ambayo leo imo katika Wilaya ya Korogwe, akiangalia upepo unavumia wapi. Kwa hiyo nchi yetu haikuwa mtazamaji wa mbali. Vita hivyo vilikuwa vyetu.

Serikali ya Ujerumani ilipoona kwamba Kampuni imeshindwa, bunge la nchi hiyo mwanzoni mwa mwaka 1889 lilitoa fedha, marki milioni mbili, kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa. Hermann Wissmann alipewa amri ya vita. Aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, akafika pwani na bunduki za kisasa na mizinga. Tarehe 8 Mei 1889 aliivamia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo na kuivunja. Mwezi Julai alizitwaa Pangani na Tanga. Abushiri akakimbilia bara.

Kutoka hapo maisha yake yalikuwa ya mtu anayewindwa. Alikishambulia kituo cha Wajerumani huko Mpwapwa, akaua mmoja wa waliokilinda. Kisha alifanya kosa lililomgharimu zaidi kuliko kushindwa vitani. Alijipatia wapiganaji kutoka kusini walioitwa Mafiti, akarudi nao kuelekea pwani. Watu hao walipita katika vijiji vya Wazaramo wakichoma na kupora. Mwananchi aliyekuwa akimwona Abushiri kama mtetezi alianza kuyakimbia majeshi yake kama alivyowakimbia Wajerumani. Mwezi Oktoba jeshi hilo lilipigwa likatawanyika. Abushiri alikwenda kaskazini na wafuasi wachache, akitafuta njia katika misitu na vilima vya Unguu.

Alifika mahali paitwapo Kwa Mkoro. Nchi hiyo ya ndani ndiyo iliyokuja kuhesabiwa kuwa Wilaya ya Handeni, kabla ya Kilindi kutengwa na kuwa wilaya yake mwaka 2002. Jumbe wa hapo, Magaya, alimkamata akampeleka kwa Wajerumani, ambao walikwisha kutangaza zawadi kwa atakayemleta. Wapo watakaomlaani Magaya, na mimi sitamtetea. Lakini tujiulize: mtu ambaye nchi yake imekwisha kusikia habari za vijiji vilivyochomwa, anayejua kwamba akimhifadhi mtoro kijiji chake kitafuata, alibakiwa na hiari kiasi gani? Hofu ni mjumbe hodari. Hufika kabla ya jeshi.

Abushiri alipelekwa Pangani. Alihukumiwa na wale wale aliopigana nao, katika baraza la kijeshi, bila wakili, bila nafasi ya kukata rufaa, na kitanzi kilikuwa tayari. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa. Bwana Heri, ambaye hakukamatwa, alijisalimisha mwezi Aprili mwaka 1890 akasamehewa. Makosa yao yalikuwa mamoja. Aliyekuwa bado na watu nyuma yake alisamehewa, na aliyebaki peke yake alinyongwa. Ndivyo haki inavyokuwa pale isipokuwapo sheria iliyo juu ya mwenye nguvu. Naye Zelewski, aliyeuwasha moto wa Pangani, aliuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na majeshi ya Mkwawa wa Uhehe.

Sasa, ndugu msomaji, tusijidanganye kwa kumfanya Abushiri malaika. Miwa ya shamba lake ililimwa na watumwa. Watumwa wengi wa Pangani walitoka katika nchi za jirani, na hapana kabila la mkoa huu lililoumia kwa biashara hiyo kuliko Wazigua. Katika njaa kubwa za nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa Wazigua wengi walichukuliwa hata Somalia, wengine wakiwa wamedanganywa kwa ahadi ya chakula. Vizazi vyao viliishi kule, kando ya mto Juba, vikiendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi kwa bahari na kupokelewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Watu hao ni ushahidi ulio hai. Abushiri alidai haki ya kuulizwa kabla nchi yake haijatolewa, lakini hakumwuliza mtumwa wake kama anataka kukata miwa. Alidai uhuru akiwa ameshika ufunguo wa pingu za mwingine.

Je, kwa sababu hiyo dai lake lilikuwa la uongo? Sidhani. Dai la haki haliharibiki kwa kuwa anayelitoa ni mwenye hatia katika jambo jingine. Huharibika likikomea kwake. Wajerumani walikuja kwa jina la kukomesha utumwa, na mwaka 1895 walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe, kwa macho yao, ni mali ya dola. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Wajukuu wa wale walioambiwa walete karatasi katika miezi sita wakawa vibarua katika ardhi ya mababu zao. Kwa hiyo Abushiri, pamoja na dhambi zake, aliona vizuri kile ambacho karatasi ile ingeleta.

Ndipo tufike katika siku zetu. Tangu mwezi Juni mwaka 2022, familia za wafugaji Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji cha Msomera, katika Wilaya ya Handeni. Serikali imesema kwamba wanaohama wanahama kwa hiari, na kwamba wamejengewa nyumba na kupewa ardhi. Kwa upande mwingine, watetezi wa haki za binadamu na wafugaji wenyewe wamesema kwamba huko watokako huduma zilipunguzwa hata hiari ikabaki jina. Na wapo wenyeji wa Msomera, waliokuwako kabla ya nyumba hizo, waliolalamika kwamba ardhi waliyoitumia miaka mingi imegawiwa wageni.

Sitaki kumgombanisha mwenyeji na mgeni. Wote wawili wamewekwa mahali pamoja na uamuzi uliofanywa mbali nao. Ninachouliza ni kile kile kilichoulizwa Pangani mwaka 1888: waliulizwa? Na kama waliulizwa, je, walikuwa na nafasi ya kusema hapana na kurudi nyumbani salama? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Mkutano huo si pambo. Anayeupita, hata kwa nia njema, anarudi katika desturi ya mikataba ya Karl Peters.

Tena yako mambo mazito kuliko ardhi. Tarehe 6 Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa chama cha upinzani cha CHADEMA, aliteremshwa na watu wenye silaha kutoka ndani ya basi la kwenda Tanga. Kesho yake alikutwa amekufa jijini Dar es Salaam. Rais aliagiza uchunguzi ufanywe. Mabasi ya njia hiyo ndiyo tunayopanda sisi watu wa mkoa huu. Abushiri aliona angalau nyuso za waliomhukumu, hata kama baraza lile lilikuwa la dhuluma. Mtu anayechukuliwa njiani hapati hata hilo. Ni jambo la kuogofya kwamba zaidi ya miaka mia moja na thelathini baada ya kitanzi cha Pangani, bado tunalazimika kuomba kwamba mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu.

Na hatuombi kitu kigeni. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mwananchi ameweza kwenda mahakamani kuzidai. Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu isichukuliwe pasipo fidia inayostahili. Maneno hayo yamekwisha kuandikwa, na ni kazi yetu kuyadai yatimizwe, kwa mwenyeji na kwa mgeni, kwa mtu wa chama tawala na kwa mpinzani, kwa mkulima na kwa mfugaji. Anayedai haki hizo kwa ajili yake tu, huku akinyamaza jirani yake anaponyang'anywa, amerudia kosa la bwana wa shamba la miwa.

Tunao pia mfano wa Magaya wa kujipima nao. Katika kila kijiji upo wakati ambapo mwenye nguvu huja kutaka mtu, au sahihi, au mhuri, na huja na zawadi mkono mmoja na tishio mkono wa pili. Mwenyekiti wa kijiji, mjumbe, mtendaji na hakimu watakutana na wakati huo. Jumbe wa Kwa Mkoro hakuwa na sheria ya kuegemea. Wao wanayo. Na waiegemee, waseme kwamba mtu huyu ataondoka hapa kwa hati ya mahakama tu, na ardhi hii itatolewa kwa kauli ya mkutano tu.

Ikifika tena tarehe 15 Desemba, walimu wetu wa Handeni na Korogwe wakiwakuta watoto wametulia kidogo katika likizo yao, na wawasimulie habari za mtu aliyenyongwa Pangani. Wawaambie kwamba alikuwa jasiri, kwamba alikuwa na watumwa, kwamba alikataa nchi isitolewe bila wenyewe kuulizwa, na kwamba sisi ndio tuliomkamata. Mtoto atakayeyasikia yote manne, asifichwe hata moja, atajua mwenyewe la kufanya siku atakapokuja mtu na karatasi.